Msimu Ambao Hakuna Aliyeniita

Harufu ya mahindi mabichi yaliyovunjwa bado hunirudisha utotoni. Nilikuwa na miaka tisa, na shamba letu la Mazingara lilipakana na kichaka cha nyani. Kwa kuwa nyani hawamwogopi mwanamke, baba alinivika koti na kofia yake, akanipa debe la kupiga. Mchana mmoja lilikuja kundi zima, kutoka pande mbili. Nilipiga debe mpaka fimbo ikakatika. Dume mmoja aliketi akinitazama huku anamenya hindi, kama anayejua aliyemo ndani ya koti.

Baba alipoyaona mabua matupu hakunichapa. Aliwaambia tu mama na kaka zangu, "Huyu asisemeshwe na mtu." Basi. Kuanzia hapo hadi mavuno, chakula changu kiliwekwa, nguo zangu zilifuliwa, lakini hakuna aliyeniita jina. Nikisema, "Shikamoo, baba," hakuna aliyeitikia. Mama alinipita ameinamisha macho. Nilizungumza na kuku, halafu nikaacha hata hilo.

Mwaka huu nilikwenda kumwuliza baba. Nilitaka kitu kimoja: akubali kwamba ilitokea. Alicheka, mwanangu akiwa magotini pake. "Nisikusemeshe wewe? Na mdomo wako ule! Nyani walikula kila mwaka, mama. Wewe ndiye uliyekuwa hodari." Nikamfuata mama jikoni. Hakugeuka kutoka kwenye chungu. "Yaache hayo. Kwani ulilala njaa?"

Mshauri nasaha ninayemwona mjini Korogwe ananiambia kupona kwangu kusingoje kumbukumbu ya baba. Nijifunze kuuacha ukimya wa mtu uwe wake mwenyewe. Ninaelewa kila neno. Nimesoma chuo kikuu, ninaweza hata kuwaeleza wengine vizuri. Lakini jana mume wangu alirudi kutoka Segera, akaketi bila kusema kitu. Nilijikaza. Nilichemsha chai, nikamimina, nikamsogezea kikombe.

"Nisamehe," nikasema.

"Nikusamehe nini tena, mke wangu? Kichwa tu kinaniuma."

Nilimwamini, na bado nikamwomba msamaha mara ya pili. Utotoni adhabu ile ilikuwa na mwisho: mahindi yalipoingia ghalani, baba aliniagiza maji, nyumba nzima ikanisemesha. Hii niliyobaki nayo sijui nani wa kuiondoa, maana aliyenipa adhabu hakumbuki kwamba alinipa.