Damu ya Mama Wanza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara moja katikati ya Nairobi, Mkuu wa Maabara hakunisalimu. Aliweka tone la damu chini ya hadubini, akaliongezea maji ya mfereji, akaniamuru nitazame. Chembe nyekundu zilivimba zikapasuka.

"Ndani ya seli hizi kuna majimaji, na kazi ya uhai hufanyika humo," alisema. "Ukiyamwaga wewe, utampa mgonjwa ugonjwa asiokuwa nao."

Baadaye nilihamishiwa kliniki ndogo Dagoretti. Siku za soko foleni ilifika barabarani, nami nikazoea njia ya mkato: kuisukuma damu kwenye chupa kupitia sindano, badala ya kuing'oa sindano kwanza kwenye bomba na kuimimina damu taratibu. Tundu la sindano ni jembamba, na seli hupasukia humo.

Asubuhi moja alikuja Mama Wanza, muuza matumbo wa mtaa wa Kabiria, ameharisha siku tatu, miguu haimbebi. Nilimtoa damu harakaharaka, nikaipitisha kwenye mashine. Potasiamu, chumvi ambayo seli huiweka kwa wingi katika majimaji yake, ilisoma juu kupita kiasi. Nikampelekea Daktari wa Zamu namba hiyo.

"Hii iko juu sana. Moyo yake inaweza simama," alisema, akamgeukia muuguzi. "Sister, leta dawa ya kuishusha."

Niliporudi kuosha vyombo ndipo nikaitazama chupa. Maji ya juu ya damu, ambayo huwa manjano, yalikuwa mekundu: seli zilikuwa zimepasuka. Ile potasiamu niliimwaga mimi! Kuharisha hushusha potasiamu; kama yake ilikuwa chini, dawa ile ingemuua. Nikisema, kazi ingeota mbawa, na nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nilisimama pale muda ambao hadi leo naona aibu kuutaja.

Kisha nikakimbia. "Daktari, msimdunge! Nimeharibu damu. Wacha nitoe ingine."

Mama Wanza alininyooshea mkono. "Toa tu, daktari, lakini pole pole."

Safari hii niling'oa sindano. Potasiamu yake ilikuwa chini mno. Nilipewa barua ya onyo, naye akapona.

Sasa nimestaafu, na vijana wa maabara hunisifu kwamba niliokoa mtu. Sifa hizo hazinipi usingizi. Kabla ya Mama Wanza nilikuwa nimefanya hivyo siku nyingi za soko, na chupa za wale wengine nilizitupa bila kuzitazama.