Kiingereza cha Njia ya Majani

Kiingereza changu nilijifunza nikiwa na mzigo wa majani kichwani, na mpaka leo sehemu yake kubwa imebaki kule njiani.

Kwetu Machame ng'ombe hatoki kwenda malishoni. Anakaa zizini katikati ya migomba na chakula kinamfuata. Lakini kihamba chote, yaani shamba linalozunguka nyumba, ni kahawa na migomba, majani yataota wapi? Kwa hiyo wanawake na wasichana tunashuka nyikani, huko chini kwenye joto, tunakata, tunafunga, tunapanda nayo. Kushuka ni kucheka. Kupanda ndiko kwenye kazi.

Mwenzangu wa njia ile alikuwa msichana wa jirani. Kihamba chao na chetu vinatenganishwa na uzio wa mimea ya masale tu. Tulianza shule pamoja, tukamaliza darasa la saba pamoja, yeye akachaguliwa kwenda sekondari, mimi sikuchaguliwa. Siku tuliyopata habari hakuja kunipa pole. Alikuja na mundu na ngata yake, akasimama mlangoni kwetu.

"Twende basi," akasema. "Ng'ombe hajui mambo ya kuchaguliwa."

Tulipofika mbali kidogo nikamwambia kilichoniuma. "Utarudi unaongea Kiingereza, na mimi nitabaki nakutazama mdomo."

"Nitakuwa nakuletea."

"Unaniletea nini?"

"Hicho Kiingereza. Kila likizo. Tena si kile cha kitabuni. Kile wanachoongea wenyewe."

Nilidhani ananibembeleza tu. Lakini likizo ya kwanza alirudi amejaa maneno ya bwenini na ya walimu wa kigeni, yale maneno madogo madogo ambayo ukiyatazama moja moja unayajua yote, kisha wanayaunga mawili na yanakwenda zao bila wewe. "Look" naijua. "After" naijua. Kumbe ukiyaweka pamoja umekwisha kupewa mtoto wa mtu umtunze.

Kuandika hatukuweza. Madaftari yalikuwa adimu miaka ile, hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na mikono yetu ilikuwa juu imeshika mizigo. Basi tukawa tunaliacha kila neno mahali pake njiani. Chini kabisa, pale tunapotwishana mizigo, tuliweka "set off", kuanza safari. Kwenye kipande kimoja cha njia chenye siafu tukaweka "put up with", kuvumilia, na tulikivuka tukirukaruka huku tukilitamka. Pale penye gogo juu ya mfongo, ule mfereji unaoshusha maji mashambani, tukaweka "get over". Alinieleza kwamba ni kukivuka kitu kilichokuumiza, ugonjwa au huzuni, mpaka kikabaki nyuma yako.

Kwenye mlima mkali aliweka "chin up". Maana yake jipe moyo, inua kidevu. Nikamwambia hilo halihitaji kwenda sekondari. Ukiwa na majani kichwani ukiinamisha kidevu, mzigo unakutangulia kurudi nyikani. Alicheka mpaka mzigo wake ukayumba. Alikuwa na lingine la mabweni, "no sweat", yaani hakuna taabu, na alipenda kulisema palepale, jasho likimchuruzika hadi kwenye kope.

Juu ya ule mlima kuna jiwe bapa, refu kufikia kifua, ambapo watu hutua mizigo bila kuinama. Hapo ni pa "catch your breath", kuikamata pumzi yako, yaani kutulia mpaka ikurudie. Kila mara yeye alikuwa anatua kulia, mimi kushoto, tunasimama katikati tunahema. Nilipenda sana neno hilo. Nilijiona ninaikimbiza pumzi yangu kihambani kama kuku wa sikukuu.

Sheria yetu ilikuwa moja: kushuka ongea utakavyo, kupanda Kiingereza tu. Siku moja bibi mmoja wa jirani alitukuta pale kwenye jiwe tunabishana.

"Shikamoo bibi," tukasema.

"Marahaba. Mnagombana?"

"Hapana bibi, tunajifunza Kiingereza."

Akatutazama, akaitazama mizigo. "Ili muongee na yule ng'ombe wenu wa kizungu?"

"Ndiyo bibi," mwenzangu akajibu. "Kichagga anajifanya hasikii."

Bibi alishuka zake akicheka peke yake, na tangu hapo kila akikutana nami ananiuliza kama ng'ombe amejibu.

Desemba ya mwisho ya sekondari yake tulipanda mpaka kwenye jiwe kama kawaida. Tukatua. Akaniambia, kwa Kiswahili, sheria tukaivunja, kwamba amepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo.

"Muda gani?"

"Mpaka nimalize." Kisha akanishika mkono. "Usikiache. Nikirudi nataka tuongee kutoka chini mpaka nyumbani, na tusirudie neno hata moja. Uwe na ya kwako ya kunipa, siyo mimi tu."

Nikamwahidi. Nilichokitaka tangu hapo ni hicho tu, asije akarudi akanikuta nimebaki palepale aliponiacha.

Nitapata wapi maneno mapya? Nikafikiria ile nyumba ya wageni wanaopanda mlima. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja mtu wa pwani, aliyesomea mambo ya hoteli. Nikaenda na gauni la kanisani. Akaniketisha kwenye kiti, akaniambia kwa Kiingereza nimweleze habari zangu kidogo.

Hakuna kilichotoka. Maneno niliyasikia yapo, lakini yapo mbali, kila moja limekaa mahali pake huko njiani, na mimi nimekaa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Mdomo umeuacha nyumbani, bibie?" akaniuliza. Akangoja, kisha akahema. "Haya, si neno. Nisaidie kupandisha shuka hizi ghorofani, halafu uende salama."

Nikaziinua zile shuka nikazitia kichwani, maana mimi mzigo naujua hapo tu. Nikakanyaga ngazi ya kwanza, shingo ikakaza, na "set off" ikaja. Nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba nyumbani niliondoka alfajiri. Ngazi zikapanda na mimi nikapanda nazo: kazi ngumu naivumilia, wageni nitawatunza, mgeni akichoka nitamwambia ashike kwanza pumzi, akikata tamaa nitamwambia ainue kidevu. Nilipofika juu nilikuwa nimemaliza, na yule mama alikuwa nyuma yangu ameegemea ukuta anacheka.

"Ulikificha wapi Kiingereza chote hicho?"

"Njiani, mama."

"Njia gani?"

"Ya majani."

Akanichukua. Wiki za mwanzo, gari la wageni likisikika linapanda, alikuwa anawaambia wenzangu, "Mpeni shuka abebe, wageni hao."

Sasa hivi shuka sizihitaji tena. Nimepata maneno mengi sana. Mgeni mmoja aliyerudi kutoka Kibo uso umembabuka alinifundisha "knackered", kuchoka kabisa, hoi. Mwingine alikuwa na homa akasema yuko "under the weather", chini ya hali ya hewa, na mimi nikacheka kabla ya kumletea chai. Siku yangu ya mapumziko nashuka nyikani. Mama yangu hapendi. "Una kazi ya kuvaa viatu," anasema, "unashuka kufuata nini?" Nafuata mahali pa kuyaweka. "Under the weather" nimeiweka pale ukungu unapoanzia. Njia imejaa. Tungeweza kuongea mpaka nyumbani na yakabaki.

Mwezi uliopita nilimkuta mama yake anapunguza masale kwenye uzio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za kazini?"

"Nzuri. Mwenzangu hajambo?"

Akaukata mmea mmoja, akautazama. "Hajambo. Amemaliza masomo. Amepata kazi hukohuko." Akakata mwingine. "Atakuja kusalimia, akipata nafasi."

"Akija mwambie nimeyaweka," nikamwambia.

"Umeweka nini, mwanangu?"

"Yeye anajua."

Jumamosi nilishuka tena. Nilipanda nikisema maneno yake na ya kwangu pia, la kwake kisha la kwangu, kama watu wawili wanaoongea. Pale kwenye gogo nikasema "get over", nikavuka, nimelitamka vizuri kabisa. Kwenye jiwe nikatua. Jiwe lote lilikuwa wazi, ningeweza kuutua katikati, lakini mzigo wangu bado nautua kushoto.