Kelele Isiyo na Nyumba

Kwa miaka ishirini na sita Bi Kelele alilipwa mshahara ili asake kelele. Si za walevi wala za majirani wanaogombana, hizo zina wenyewe. Yeye alisaka zile zinazoingia redioni, mikwaruzo na mivumo, akizifuata nyumba kwa nyumba mpaka aweke kidole juu ya kitu chenyewe: jokofu bovu, taa inayokaribia kuungua, pampu ya maji ya mtu. Aliingia ofisi ya mawasiliano kama mpiga chapa, akachoka kuchapa ripoti za wanaume waliorudi mikono mitupu, siku moja akasema waziwazi kwamba kazi ile hata yeye anaiweza. Wakamcheka. Wakampa kipokezi cha mkononi ili aaibike, na kabla jua halijatua akarudi na jina la mwenye pampu. Tangu hapo hakukosea hata mara moja, na jambo hilo, tuseme ukweli, lilikuwa limeanza kumvimbisha kichwa.

Imebaki miezi mitatu astaafu, likaja lalamiko la Mzee Masafa. Huyu alikuwa mwendesha redio wa melini enzi zake, na jioni zake zote alizimalizia kwenye redio ya mawimbi mafupi, akipiga soga na mabaharia wenzake waliostaafu nchi za mbali. Sasa jioni nyingine ilimjia kelele kwa mafungu, kama maji yanayovunjikia ufukweni, ikameza sauti za rafiki zake. Mshtakiwa alikuwa naye tayari: Fundi Cheche, mchomeleaji wa nyumba ya pili upande wa magharibi, ambaye alifanya kazi jioni kwa sababu mchana umeme wa mtaa ule ulikuwa dhaifu.

Siku aliyokwenda Bi Kelele, mvua ilikuwa imenyesha na magoti yalimuuma. Alikaa chumbani kwa mzee, ghorofani, akaizungusha kwa kitufe antena kubwa iliyo juu ya bati. Ikielekea magharibi, kelele inapanda. Ikielekea kaskazini, kimya. Akachungulia dirishani inakoelekea, akaona cheche za fundi. Daftari la mzee lilikuwa na wiki mbili za kelele, zote ndani ya saa za kazi za mchomeleaji. Akatia saini palepale. Kesho yake mashine ya kuchomelea ikafungwa kwa waya na lakiri ya risasi, muhuri wa ofisi, na Fundi Cheche, mwenye milango kumi na minane ya shule ya kumalizia, akabaki ameshika kiuno.

Siku ya tano mzee akapiga simu. "Imerudi! Huyo fundi wako amekata lakiri!"

Bi Kelele alifika mbio. Lakiri ilikuwa nzima, na mashine imeanza kushika vumbi. Safari hii alitembea mtaa mzima, mlango hadi mlango, kipokezi mkononi, magoti yakimlilia. Kipokezi hakikutoa hata mkwaruzo, na huku juu kwa mzee redio inanguruma. Kelele hii haikuwa na nyumba.

Mkuu wake wa kitengo hakutaka kusikia. "Mama, umebakiza miezi mitatu. Ripoti imeshasainiwa. Jitie hamnazo, ustaafu kwa amani."

"Kazi ya mtu nimeifunga kwa mkono wangu," alisema Bi Kelele. "Siendi nyumbani nikaiacha hivyo."

Akalichukua daftari la mzee, akalitandaza kwenye meza ya chakula. Baharia yule aliandika kila kitu kwa dakika. Wiki ya kwanza kelele haikupita saa tatu na robo. Wiki ya pili, haikupita saa tatu kasoro dakika kumi na tatu. Sasa inakomea saa mbili na dakika ishirini. Kila wiki ilikuwa inapunguza karibu nusu saa, yaani dakika nne kwa siku. Bi Kelele aliwajua mafundi wa kila aina, na hakuna hata mmoja anayefunga duka dakika nne mapema kila siku.

Akamwita bintiye, mwalimu wa fizikia. Binti alitazama hesabu, akacheka mpaka akashika meza.

"Mama, nyota ndizo zinazotua hivyo. Kila siku zinawahi dakika nne. Na magharibi jioni hizi ipo Mshtarii, yaani Jupita. Sayari ile ina usumaku mkubwa kuliko wenzake wote, na mwezi wake mmoja una volkano zinazotapika bila kupumzika. Matapishi yananaswa kwenye ule usumaku, chembe za umeme zinateremka huku zinazunguka, na kule kuzunguka ndiko kunakotoa mawimbi ya redio. Ziko hata nyota zinazopiga kelele namna hiyo, ila ni mbali mno kwa antena ya mzee wako."

"Itakuja lini tena?"

"Kwa jinsi mwezi ule utakavyokaa, Ijumaa. Lakini haina ahadi, mama. Siku nyingine hesabu zinakubali na yenyewe inanyamaza."

"Ijumaa itabidi iseme."

Mkuu wa kitengo alipoelezwa alishika kichwa. "Niandike kwamba mlalamikiwa ni sayari? Wito nitampelekea kwa anwani gani?"

"Njoo Ijumaa. Kelele itaanza baada ya saa moja, na itakoma kabla ya saa mbili. Isipokuja, nitakuandikia barua ya kuacha kazi hapohapo."

Ijumaa walikuwa wanne katika chumba cha mzee: mzee mwenyewe, mkuu, Bi Kelele, na Fundi Cheche aliyesimama karibu na mlango, viganja vyake safi kwa siku ya kumi na mbili. Saa moja ikapita. Saa moja na robo. Mkuu akatazama saa yake, akatazama dari. Bi Kelele aliogopa, na aliijua hofu hiyo kwa jina, lakini mkono haukutoka kwenye kitufe cha antena.

Saa moja na nusu na dakika moja, ikaja. Fungu la kwanza likapanda likashuka, la pili likafuata kwa nguvu zaidi. Akaigeuza antena kaskazini, kimya. Akairudisha magharibi, ikanguruma. Saa mbili kasoro dakika kumi na nne ikafifia, ikatoweka.

"Miaka yote baharini naitazama," alisema Mzee Masafa taratibu, "sikujua kama inasema."

Fundi Cheche hakuitazama redio. "Kwa hiyo muda wote huu nimefungiwa kwa sababu ya sayari?"

Mkuu alikwishafungua kinywa aitikie, maana jibu lile lingewafaa wote.

"Hapana, fundi," alisema Bi Kelele. "Ulifungiwa kwa sababu yangu. Siku ile magoti yaliniuma, sikutembea mtaa. Nilikuona dirishani, nikasaini."

Fundi Cheche akatoka, wakamsikia akishuka ngazi. Akarudi na koleo, akalitia mkononi mwa Bi Kelele.

"Basi kakate mwenyewe."

Bi Kelele akashuka taratibu, akishikilia ukuta. Akapita nyumba ya kwanza, akaingia kwa fundi, akapiga magoti mbele ya mashine na kuukata waya.