Treni Iliyoondoka Bila Kujaa

Mimi si mtu wa safari, nakubali mapema kabla hujanicheka. Safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi kwa ng'ombe, na hata hiyo nailalamikia. Lakini juzi macho yalinipeleka Nairobi kwa daktari, na jioni nikajikuta nimesimama mbele ya stesheni ya reli, watu wakimiminika kama maharagwe kutoka gunia lililopasuka. Nikamkumbuka nyanya, nikacheka peke yangu hadi mwuza njugu akasogeza ndoo yake kando.

Nilikuwa darasa la tatu. Shangazi alikuwa amejifungua siku nne nyuma, huko mwisho wa reli inayotoka Nairobi, na maziwa yalikataa kutoka. Mtoto alilia kutwa. Kwetu Kibirichia dawa ya hilo haina mjadala: uji wa wimbi uliochacha, upikwe na mama yako mwenyewe. Nyanya alijaza kibuyu, akakifunga kwa leso, tukaja mjini.

Tikiti tulikata mapema. Treni ilikuwa imesimama pale, nyanya akachungulia ndani. Watu saba.

"Hii bado," akaniambia kwa Kimeru. "Wacha ijaze kwanza."

Nani angetuambia vingine? Kwetu gari huondoka likijaa. Dereva hunywa chai yake mpaka kiti cha mwisho kipate mwenyewe.

Basi tukaenda kutembea. Mafundi wa viatu walikuwa wakigonga nyundo, mahindi yakichomwa, redio tatu zikishindana kelele. Kwenye kibanda cha chipsi nyanya akaokota kiazi kibichi, akakikuna kwa ukucha.

"Hii waru ililimwa na mtu mvivu."

"Shosho, nunua ama uachane na viazi zangu!"

Hakununua. Alimfundisha mwuzaji kuviweka gizani visigeuke kijani, somo refu kweli, hadi akanipa chipsi za bure, nadhani ili tuondoke.

Tuliporudi, treni ilikuwa inatoka, viti vitupu vikionekana dirishani. Nyanya akainua mkono, vile unavyosimamisha lori la viazi. Haikusimama.

"Inaendaje na viti bure?" akamfokea mlinzi.

"Mama, hii inaenda na saa."

"Saa ndiyo imezaa?"

Iliyobaki ilikuwa moja tu, ya mwisho siku hiyo. Hapo ndipo nilipojua kujaa ni nini. Mlangoni hapakuwa na pa kutia kidole. Mtu akapaza sauti kutoka ndani: "Shosho, rudi home na hiyo kibuyu, utatumwagia!"

Mimi nilikuwa tayari kurudi. Nilimvuta nguo, nikamwambia tumbo linauma, uongo mtupu. Hata hakuniangalia. Alikumbatia kibuyu kifuani, akasema kwa Kiswahili chake cha soko: "Hii ni uji ya mzazi. Kama kuna mtu hapa hakunyonya, huyo anisukume."

Kicheko kilipita behewa zima. Mwanamume mwenye tai akajikunja kama kisu cha mfukoni, mwingine akanivuta kwa kola ya sweta, tukaingia. Kibuyu kilisafiri katikati ya viwiko, kila mtu akikilinda kama yai, na yule aliyepiga kelele ndiye aliyetushikia mlango tuliposhuka.

Shangazi alikunywa mabakuli mawili bila kupumua. Asubuhi mtoto alikuwa kimya, anameza.

Siku hizi kibanda cha chipsi hakipo, wanauza vifuniko vya simu. Nyanya hayupo. Wimbi tunanunua kwa pakiti, na kibuyu ukibeba mjini watu watadhani unaenda kucheza ngoma za harusi. Watoto wa hapa nyumbani huniambia kwamba siku hizi mzazi hupewa vidonge, uji wa nini tena, na kwamba sisi tulichelewa treni kwa ushamba.

Ushamba naukubali, ni wangu na sijauficha. Kuchelewa nakataa. Sisi tulifika kwa mtoto aliyekuwa analia. Ile treni nyingine, iliyoondoka na viti vitupu, ilingojewa na nani?