Mantri Darmaji na Adabu ya Kusahau

Zamani, katika hospitali ile ya chini ya mlima Lawu, kisiwani Java, damu ilijulikana ni ya nani kabla haijatoka mwilini. Siku hizi hutoka kwanza, mwenyewe akatafutwa baadaye.

Darmaji alichoma sindano pale miaka thelathini na minane. Mantri ndivyo walivyoitwa wauguzi wa kizazi chake, watu waliojifunza kazi kwa kuifanya, na leo ukilitamka jina hilo mbele ya wenye digrii wanatabasamu kana kwamba umewatajia kibatari. Cheti cha kutundika ukutani hakuwa nacho. Alikuwa na mkono mwepesi na mambo machache ambayo hakuyaacha hata siku moja. Mpira wa kufunga mkono haukai zaidi ya dakika moja. Spiriti huachwa ikauke yenyewe, haipulizwi na mdomo uliotoka kula tempe, ile soya iliyochachushwa. Mkono wenye dripu hautolewi damu, maana utapima maji ya chupa badala ya mgonjwa. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, inaingia moja kwa moja kwenye boksi la manjano. Kichupa hugeuzwa juu chini polepole mara nane, hakitikiswi kama sharubati. Na jina huandikwa pale pale kitandani, damu ikiwa bado na joto, mgonjwa akiona.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa jina lenyewe. Wajava wana adabu, na adabu yao ina neno moja la kumjibu mkubwa: inggih. Ndiyo. Vaa koti jeupe umuulize bibi kizee wa shambani kama yeye ndiye mke wa mkuu wa wilaya, atainamisha kichwa na kusema inggih, asije akakuaibisha mbele za watu. Kwa hiyo jina halikutajwa kwa mgonjwa, aliachwa alitaje mwenyewe. Ila kumuuliza mtu mzima jina lake nako ni utovu wa adabu. Darmaji aliipata njia ya katikati. Aliinama, akajigonga paji la uso, akasema uzee umemla, amesahau jina, amkumbushe. Wagonjwa walicheka, wakataja lao, la baba yao na la kijiji, na wengine wakampa pole.

Ndipo wakaja wakaguzi. Watu wanne walioshuka kwenye gari la kiyoyozi ili kuipa hospitali nyota walisimama nyuma yake asubuhi moja, wakamsikia akisahau majina ya wagonjwa saba mfululizo. Wakaandika. Mkurugenzi, Daktari Hendrawan, akasoma, akahuzunika kwa mujibu wa utaratibu, na Darmaji akanyang'anywa sindano. Alipewa trei. Kazi yake ikawa kuchukua vichupa wodini na kuvifikisha maabara, kwa kuwa njia ni moja na hata mzee hawezi kuisahau.

Hakujitetea. Naye alikuwa Mjava. Mkubwa aliposema, alijibu inggih.

Sindano zikashikwa na vijana, na vijana wakashikwa na kompyuta. Lebo zote zilichapwa alfajiri, zikabandikwa kwenye vichupa vitupu ofisini, ili hospitali ijisifu kwenye bango kwamba hapa mgonjwa hutolewa damu kwa dakika tatu tu. Bango la pili, la hatua kumi za usalama, lilitundikwa juu ya meza ya chai. Chini yake boksi la manjano lilikuwa limefurika hata sindano zinachungulia, maana kupata boksi jipya kulihitaji saini tatu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Bibi Tukinem, aliyeuza mboga za mchuzi wa karanga langoni pa hospitali miaka ishirini, alikuwa akitapika damu kwa vidonda vya tumbo, na ilitakiwa aongezwe damu kabla ya adhuhuri. Alipangiwa kitanda cha nne. Kitanda hicho humlaza mtu kichwa kaskazini, na kwa Wajava kichwa kaskazini hulala maiti kaburini. Bibi Tukinem alikuwa bado hajawa tayari. Jioni iliyotangulia, Bibi Paikem wa kitanda cha tano, mwenye mguu uliooza kwa kisukari, alimwambia wabadilishane, yeye ameshazika waume wawili na kaskazini haimtishi. Wakabadilishana. Kanda zao za majina, walizovua mikononi wakati wa kutawadha, zilibaki zikining'inia kwenye vyuma vya vitanda vya mwanzo.

Asubuhi mtaalamu wa kutoa damu, Ratri, binti mwenye roho nzuri na haraka nyingi, alisimama penye kitanda cha nne, akasoma ukanda. "Bibi Tukinem, siyo?"

"Inggih," akasema Bibi Paikem.

Dakika mbili na nusu. Bango likatimizwa.

Darmaji alipofika na trei yake, alimsalimu Bibi Tukinem kwenye kitanda cha tano. Akaitazama mikono yake yote miwili. Haikuwa na pamba. Akatazama kichupa: Tukinem. Akatazama kitanda cha nne: pamba mbichi, kiwiko cha kushoto. Akaenda, akainama, akajigonga paji la uso.

"Paikem, Mantri," akajibu bibi. "Kila siku unasahau. Kula samaki."

Trei ikawa nzito. Mtu akiongezwa damu isiyo ya kundi lake, saa chache zinatosha kumgeuza kichwa kaskazini.

Alimweleza Ratri kwamba damu ile si ya Bibi Tukinem; Ratri akamjibu taratibu kwamba mfumo umeshaipokea sampuli. Akaitwa Daktari Hendrawan. Alikuja na uso wa huruma, akamshika mzee bega.

"Peleka vichupa, Mantri. Unajua mwenyewe kwamba unasahau."

Wodi nzima ilisubiri neno lile moja.

"Sipeleki," akasema Darmaji. "Na hilo nalo liandike."

Hakuna aliyejua la kufanya, kwa kuwa halikuwamo katika hatua kumi. Ni Ratri aliyesogea kitanda cha nne, akainama, mashavu yamemwiva kwa haya. "Bibi, samahani, nimesahau jina lako."

"Na wewe?" akasema Bibi Paikem. "Hospitali hii mnakunywa maji gani?"

Damu ikatolewa upya. Ya kwanza ilikuwa kundi B. Ya Bibi Tukinem mwenyewe ni O. Ratri alikwenda chooni, akakaa huko muda mrefu. Ripoti ikaandikwa kwamba mfumo wa hospitali uligundua kosa kwa wakati, na Darmaji akastaafishwa kwa kukaidi amri, akipewa chupa ya chai yenye nembo ya hospitali.

Mara ya mwisho aliwaona alipokwenda kurudisha koti. Bibi Tukinem, damu imemrudi usoni, kichwa kusini, alikuwa akimgombeza Bibi Paikem kwa kula viazi vya kukaanga. Ratri alikuwa kitanda cha sita, kalamu mkononi, kichupa bado hakina lebo, akimwambia mgonjwa kwamba amesahau jina lake. Ratri alikuwa na miaka ishirini na sita. Nyuma yake alisimama mkaguzi, naye alikuwa akiandika.