Mjomba Odilon na Jiwe la Mtakatifu Dimfna

Mama yake Irma Sannen alipofariki, ng'ombe walikwenda kwa kaka yake Irma aliyeishi mji wa Mol, nyumba ikabaki kwa Irma, na Odilon akabaki na nyumba. Pale Geel, mji wa Ubelgiji ambako tangu zamani familia hulea wagonjwa wa akili majumbani mwao, hakuna aliyeuliza kwa nini. Mgonjwa aliyelelewa na mama hulelewa na binti, kama vile mama naye alivyompokea wa kwake kutoka kwa bibi.

Odilon Dewulf, mtoto wa mwoka mikate wa Oostende, aliletwa nyumbani kwao Irma wakati Irma alikuwa bado msichana mdogo. Tangu siku hiyo Irma alimwita mjomba. Odilon alikuwa akisikia watu wakizungumza ndani ya bomba la moshi la jiko. Mama yake Irma hakuwahi kumbishia. Alikuwa akisema tu, "Waambie wasubiri, tunakula," na Odilon alikuwa akiwaambia.

Mtakatifu wa mji huo, mwombezi wa wagonjwa wa akili, Odilon alimpenda kwa namna yake. Dimfna, binti wa mfalme wa Ayalandi, alikimbilia Geel pamoja na padri mzee, kwa sababu baba yake alirukwa na akili baada ya kufiwa na mkewe akataka kumwoa binti yake mwenyewe. Mfalme akawafuata. Askari walipokataa kumgusa binti, alimkata kichwa kwa mkono wake.

"Yule mfalme alikuwa mwehu kuliko mimi," Odilon alipenda kusema mezani. "Shida yake alikosa mtu wa kumpa chumba na viazi."

Mwaka mmoja, Pasaka, kaka yake Achiel alikuja kwa gari kutoka Oostende. Baba yao alikuwa amekufa, tanuri lilikuwa mikononi mwa Achiel, na juu ya duka kulikuwa na chumba. Alitaka kumchukua ndugu yake. Daktari wa hospitali, kwa kuwa vidonge vipya vilikuwa vimemtuliza Odilon, alisema hana pingamizi: apitishe kiangazi kimoja kwa utulivu, kisha aende.

Mwezi Mei, sikukuu ya mtakatifu ilipokaribia, Odilon aliweka kijiko chini.

"Irma, Jumapili nataka kupita chini ya mtakatifu."

"Kupita wapi?"

"Chini ya lile jiwe lenye nguzo kanisani, lililobeba mifupa yake. Kwa magoti. Kama wagonjwa wa zamani waliotaka kupona."

"Mjomba, desturi hiyo ilikwisha hata bibi hajazaliwa. Na kwa tumbo hilo ukikwama, nani atakutoa? Padri?"

"Remi atanivuta miguu."

Remi, mume wa Irma, hakuinua macho kwenye sahani. "Nitavuta. Ila kuanzia leo uji wa maziwa nakula mimi."

"Watu watakucheka," Irma akasema.

"Mimi? Hapa Geel?" Odilon alishangaa kweli. "Tangu lini?"

Irma hakuwa na watoto, na mtu aliyembeba mabegani kumpeleka kutazama maandamano ya mtakatifu alikuwa huyu. Kila Mei aliwaombea wagonjwa wa mtaa mzima wapone. Jina la Odilon tu ndilo aliloliruka. Aliyepona hurudi kwao.

Kanisani Odilon hakuweza kwenda peke yake. Mabomba ya kinanda yalimtisha kuliko bomba la jiko, na hakuingia mlangoni bila Irma kumshika mkono. Jumapili ile Irma alisema kichwa kinamuuma. Odilon alikaa uani na koti lake jeusi mpaka kengele zikanyamaza, kisha akalivua akaenda kuwalisha nguruwe.

Septemba nesi alikuja kuuliza kiangazi kimekwendaje. Kulikuwa na jioni moja mbaya, mwezi Julai, Odilon aling'oa bomba la jiko akalitupa barabarani. Irma aliieleza jioni hiyo kwa urefu. Hakueleza nyingine yoyote. Achiel akaambiwa asubiri. Alisubiri, akaja mara mbili tatu, kisha zikawa zinakuja kadi za mwaka mpya zenye picha ya bahari. Remi alikufa. Baadaye Achiel naye alikufa, tanuri likauzwa.

Odilon alipokuwa mzee, magoti yamevimba, Irma alikuwa halali vizuri tena. Siku moja, wakimenya viazi, alisema, "Mjomba, Mei hii nitatambaa chini ya jiwe kwa niaba yako. Zamani iliruhusiwa, asiyeweza alitambaliwa na mwenzake."

"Uniombee nini?"

"Upone."

"Nipone niende wapi, wewe mtoto?" Aliendelea kumenya. "Duka limeuzwa. Ungetambaa mwaka ule ulipoumwa na kichwa."

Kisu cha Irma kilisimama. "Unakumbuka?"

"Na la Julai najua. Nesi aliniambia ulichomwambia."

"Miaka yote hii! Mbona hukusema?"

"Ungelia. Ukilia unaunguza chakula." Alikionyesha kiazi kilichokuwa mkononi mwa Irma. "Hicho chako umekikata vibaya. Wape nguruwe."

Aliishi miaka michache zaidi, akiendelea kuzungumza na bomba la jiko kila jioni. Hakumtaja Achiel tena. Alizikwa katika kaburi la akina Sannen, pembeni ya mama yake Irma. Kutoka Oostende hakuja mtu.

Sasa Irma ana miaka themanini na moja. Siku za sikukuu hukaa kwenye kiti karibu na lile jiwe. Wageni wanaotoka mbali, wakiwa na binti au mume asiyejielewa, humuuliza kama kweli watu walikuwa wakitambaa hapa. Huwaambia ndiyo, huwaonyesha upande wa kuingilia, na huwashikia mikoba. Mimi pia nilifika kama mgeni, nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kupita.

"Bado," akasema. "Naogopa nikifika katikati nitakosa la kuomba."

Mwanamke mmoja alikuwa akivua viatu mbele yetu. Irma akanyoosha mkono kupokea mkoba wake.