Mjomba wa Miaka Saba

Nilipewa darasa kwa sababu nilikuwepo nyumbani. Wageni walipopungua Diani, sisi wakunja mashuka wa hotelini tuliambiwa tusubiri kuitwa, nikarudi Bongwe nikakaa. Maalim wa chuo chetu cha Kurani akamwambia mama kwamba watoto wanarudi kutoka shule na kazi za vikundi wasizoziweza, na yeye hesabu si fani yake. Mimi nilisoma hadi darasa la nane. Maalim akasema nijaribu kila siku baada ya alasiri mpaka mwisho wa mwezi, kisha aje aone. Asiporidhika, atatafuta mwingine.

Sikujua kama nalitaka darasa. Nilijua tu kwamba siyataki mashuka.

Chuoni kwetu kila mtoto husoma peke yake, kwa sauti, pale alipofikia. Kwa hiyo nilipowaketisha wannewanne na kuwapa vifuniko vya soda vya kuhesabia, kila mmoja alichota vyake akageuza mgongo. Nikasema, "Pamoja." Sauti yangu ni ndogo, hawakuisikia. Wiki ya pili nikawapa kila kundi penseli moja na karatasi moja. Hapo wakalazimika kugeukiana.

Kundi la karibu na mlango tu ndilo lililonishinda. Walikuwa wasichana wawili na wavulana wawili. Mvulana mkubwa, wa miaka kumi, akiwa peke yake alipata hesabu zote. Kundini alikuwa kama jiwe. Aliyesema alikuwa yule mdogo wa miaka saba, mwenye sauti ya mnadi, na alikosea kila siku. Kwa kuwa ni mmoja tu aliyesema, wenzao wakawaita mabubu.

"Mbona husemi, na jibu unalijua?" nilimwuliza yule mkubwa.

Akaangalia vidole vya miguu yake. "Hamna kitu, mwalimu."

Kwenye daftari langu niliandika: mvivu. Niliandika polepole, kama ninavyoandika kila kitu.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi maalim alikuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi nyuma kwenye mkeka. Niliwapa kila kundi vifuniko ishirini wawagawie watu wanne sawasawa. Yule mdogo akagawa sitasita, vikabaki viwili tu kwa mtu wa nne, akatangaza vilevile, "Sita!"

"Mabubu wamekosa tena!" darasa likacheka.

"Huyo mkubwa mbona kanyamaza?" maalim akauliza.

"Ni mvivu, maalim," nikasema.

Msichana mmoja wa kundi lile akanikata jicho. "Si mvivu. Atamkosoaje mjomba wake?"

"Mjomba wake nani?"

"Huyu hapa!" Akamwonyesha yule wa miaka saba. "Ni kitinda mimba kwa bibi ya huyu mkubwa. Mamake huyu mkubwa ni dada yake."

Mjomba akapangusa pua kwa mkono wa shati, akaitikia kwa kichwa.

Mimi nimezaliwa hapahapa. Kwetu mjomba hakosolewi mbele za watu, na wangu mwenyewe sijawahi kumjibu. Lakini nilipowapanga watoto niliangalia vimo tu, sikumwuliza mtu ni nani kwa nani.

Ningeweza kumhamishia mmoja wao kundi jingine. Maalim alikuwa akinitazama. Nikachuchumaa mbele ya yule mdogo.

"Mjomba, mpwa wako ana neno. Unampa ruhusa?"

Akafikiri. Akakunja mikono kifuani. "Aseme. Lakini asinicheke."

"Sikucheki, mjomba," akasema yule mkubwa. "Ni tanotano."

Mjomba akavikusanya vifuniko, akavigawa upya kimoja kimoja, hakikubaki hata kimoja. "Tano!" akatangaza, kana kwamba amri imetoka kwake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Maalim akainuka, akakung'uta kanzu. "Jumamosi uje mapema, uwatandikie mkeka mwingine. Hapa wamebanana."

Nikasema inshallah. Nilidhani nitafurahi. Nilirudisha vifuniko koponi, nikafagia. Yule mtoto niliyemwita mvivu mbele ya watu alipita na kuniaga kwa adabu, nami sikumwomba radhi. Nyumbani nililikata lile neno daftarini, likawa bado linasomeka chini ya mstari.

Jumatatu msimamizi wa dobi alinipigia kutoka hotelini. Niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza, kisha nikaendelea kuchonga penseli.